Msumeno wa Kukata Mipera

Baba Dogo, Nairobi
6 Juni 1999

Dada Kasiva,

Salamu nyingi. Mimi na mke wangu Mwelu hatujambo, isipokuwa kile kikohozi chake cha msimu wa baridi.

Nina ombi moja na nitalisema bila kuzunguka. Perez, binti wa Mchungaji Khavere, anayesomea uuguzi huko kwenu, atakuja likizo mwezi wa Agosti. Naomba umpe msumeno wa betri aniletee. Simaanishi ule wa duara. Namaanisha ule unaoshikwa kama bunduki, ubapa wake ukichomoza mbele na kwenda na kurudi. Nautaka kwa kazi za nyumbani tu. Mipera ya uani imetanda juu ya mabati ya Mama Shirleen, na ua wa kayaba umegeuka msitu. Uani hakuna stima, na hata ndani huja inapopenda, ndiyo maana nataka wa betri.

Ukipata wa volti kumi na nane nitafurahi. Uwe na bapa za kila aina.

Ndugu yako,
Mumo Nzivo


Leeds
20 Juni 1999

Ndugu yangu Mumo,

Barua yako nimeisoma mara tatu, kwa sababu katika miaka kumi tangu niondoke nyumbani umeniomba viatu, redio na dawa ya Mwelu, lakini hujawahi kuniomba chombo cha kazi.

Hapa makumbushoni kazi yangu ni kuhifadhi vitu vya mbao, kwa hiyo misumeno naijua. Ule wa volti kumi na mbili ni mwepesi. Hukata matawi ya bustani kwa nusu saa, kisha betri hulala. Ule wa kumi na nane ni wa mafundi wanaobomoa majengo. Una uzito wa kilo nne, humtetemesha mtu hadi kwenye taya, na hupita katika bomba, nondo na mbao zenye misumari. Sasa nikumbuke mipera yetu: ni minene kama kifundo cha mkono wangu. Kwa mipera hiyo panga linatosha. Kwa nini basi umeniomba chombo cha kubomolea?

Kabla sijaingia dukani nijibu haya. Kitu kinene kuliko vyote utakachokata ni kipi, na unene wake ni sentimita ngapi? Ni mti au chuma? Kiko wazi, au kimebanwa na ukuta? Usinijibu kwa ujumla.

Sina budi kuuliza pia juu ya gogo la mpingo. Baba alituachia sharti moja tu: likae zima hapo uani, mita zake mbili na sentimita sitini, mpaka nirudi niichonge sehemu iliyobaki. Watu watatu wa mwanzo waliochongwa humo ni wa mkono wake. Wa nne tulimchonga pamoja, yeye na mimi, na ndiye pekee aliyeguswa na patasi ya mtoto wa kike katika karakana ya Baba, ambamo sisi wasichana tulipewa msasa tu. Nijulishe hali yake.

Dada yako,
Kasiva


Baba Dogo
4 Julai 1999

Dada Kasiva,

Nilimsomea Mwelu barua yako. Akacheka, akasema, "Wewe umeomba msumeno, umeletewa mtihani wa darasa la nane." Haya, naufanya mtihani.

Kitu kinene kuliko vyote ni shina la mpera ulio karibu na choo. Limenenepa tangu uondoke, kama nilivyonenepa mimi. Unene sikuupima. Ni mti, si chuma. Chuma nikikate cha nini? Limebanwa na ukuta kiasi kwamba nafasi iliyopo hupita kiganja kikiwa kimelala, basi. Nimejaribu hekso, fremu yake ikawa inagonga ukuta. Huo wa betri unaingia wenyewe kwa pua.

Gogo la Baba liko salama chini ya turubai.

Naomba usikawie. Nikiupata kabla ya mwezi wa tisa kuisha nitashukuru sana.

Mumo


Leeds
16 Julai 1999

Mama Shirleen,

Nakuandikia kwa heshima ya ujirani wa miaka mingi, na kwa jambo ambalo ningependa libaki kati yetu.

Mumo anataka nimpelekee msumeno, eti wa kukatia mipera. Katika barua yake ya pili ameandika kwamba alijaribu kuukata mpera kwa hekso. Wewe na mimi tunajua kwamba hekso ni msumeno wa kukatia chuma. Ameandika pia kwamba anauhitaji kabla ya mwisho wa Septemba, na sijui mpera wenye tarehe ya mwisho. Nimekumbuka jiliwa la Baba, lile la chuma alilobania mbao. Mwaka 1994 Mumo aliliuza kwa wanunuzi wa vyuma kuukuu akaniandikia kwamba limeibwa, na wewe ndiwe uliyeniambia ukweli.

Unakumbuka jinsi Baba alivyolifungia gogo lake. Baada ya kuliingiza uani alisimamisha mnara wa tangi la maji pale ujia unapokata kona, miguu yake vipande vya reli ndani ya saruji, akasema kwamba sasa hakuna mwizi atakayeligeuza pale. Gogo halitoki zima bila kukatwa mguu wa ndani wa mnara ule, ulio karibu na ukuta. Nakuomba utazame kama kuna mtu anayeushughulikia mguu huo, kisha uniandikie unachokiona. Unachokidhani nitakidhani mwenyewe.

Wako,
Kasiva Nzivo


Baba Dogo
30 Julai 1999

Kasiva wangu,

Umeniambia niandike nilichoona, basi chukua.

Jumatano natoka kuanika nguo, nikamkuta Mumo amechuchumaa chini ya tangi na kipande cha makaa, anapima ule mguu wa ukutani kwa shubiri. Nikamwambia, "We Mumo, huo mguu unaushonea suruali?" Akaniambia, "Mama Shirleen, chunga sufuria yako isiungue." Nikamwambia, "Yangu iko na kifuniko, wewe ndiye umeachwa wazi." Alicheka, lakini cheko la mtu ameshikwa.

Jumamosi akaja na mwanaume mwenye pikapu, yule Zedekiah hubeba mbuzi wa Kiamaiko. Wakafunua turubai, wakaligonga gogo, wakalizunguka. Zedekiah akasema, "Ni zito, lakini gari itaweza. Shida ni hiyo kona." Mumo akamwambia, "Kona niachie mimi." Hayo nimeyasikia na masikio yangu, nilikuwa napepeta mchele dirishani.

Mipera iko vile ilivyokuwa. Hakuna mtu ameishika.

Mimi sisemi ni mwizi. Alinibebea mzee wangu mgongoni siku ile alianguka, na sisahau. Lakini siku hizi nikimsalimia anaangalia chini. Usimwambie ni mimi.

Mama Shirleen (Wacuka)


Leeds
9 Agosti 1999

Ndugu yangu Mumo,

Perez atasafiri tarehe kumi na saba. Nimechagua wa volti kumi na nane, kama ulivyotaka. Una betri mbili, na plagi ya chaja ni ya pini tatu kama za huko. Niliupima dukani juu ya boriti ya mwaloni. Nguvu inatosha, mshiko wake umefunikwa mpira, na ubapa hubadilishwa kwa ufunguo mdogo uliofungwa kwenye mkanda. Ukikata, uubane uso wa msumeno kwenye mti; usipoubana, mashine huruka na mti hubaki.

Bapa ni tano, zenye meno makubwa yaliyoachana. Zitakata mpera wowote, na mti mgumu kuliko mpera. Usizielekeze kwenye chuma. Meno ya namna hiyo hung'oka.

Kasiva


Leeds
9 Agosti 1999

Mama Shirleen,

Asante. Umeandika vizuri kuliko mashahidi wengi.

Kisanduku kilikuwa na bapa kumi. Tano za kukatia chuma nimezitoa, ziko kwenye droo ya meza hii ninayoandikia. Kama Mumo ni mtu wa mipera, hatapungukiwa na kitu. Kama anataka kukata reli na kumpa Zedekiah kazi ya baba yetu, atakwama pale konani. Ningeweza kumnyima msumeno kabisa, lakini angetafuta njia nyingine nami nisijue.

Kasiva


Baba Dogo
30 Agosti 1999

Dada Kasiva,

Msumeno umefika. Mwelu alipousikia ukinguruma alisema tumepata mtoto wa kiume mwenye hasira. Asante sana.

Ila kuna jambo. Juu ya kisanduku kuna picha ya bapa kumi, na ndani kuna nafasi kumi, tano tupu. Zilizokosekana ni zile za meno madogo. Nilimwendea Perez kanisani baada ya ibada, nikamuuliza kwa upole kama kisanduku kilifunguliwa njiani. Akasema, "Mjomba, mimi nilipewa kimefungwa na utepe, na nimekuletea kimefungwa na utepe." Nikamwambia bapa hazina miguu. Akasema, "Na mimi sina mpera." Ameninunia tangu siku ile, na baba yake hanipi mkono.

Tafadhali muulize mwenye duka. Nimezunguka maduka ya Industrial Area hadi nyayo zikawaka. Zilizopo mashina yake ni mapana, hayaingii kwenye mdomo wa huu wetu. Nimejaribu kufunga kipande cha ubapa wa hekso kwa waya, kikakatika mara mbili. Zile tano nazihitaji kweli, na si baadaye.

Mumo


Leeds
10 Septemba 1999

Mumo,

Mwombe Perez radhi leo hii, mbele ya baba yake. Bapa nilizitoa mimi. Alipewa kisanduku kama alivyokileta.

Naandika bila pazia. Hukutaka msumeno wa mipera. Umepima mguu wa tangi kwa makaa, umemleta mwenye pikapu akalipima gogo, na umemwambia kona akuachie wewe. Usiulize nimejuaje. Mwaka 1994 nilipoteza jiliwa nikanyamaza, kwa sababu jiliwa hununuliwa. Gogo hili halinunuliwi. Nimeishi miaka kumi katika chumba kimoja nikijiambia kwamba kuna kazi moja inayonisubiri nyumbani, na kwamba haitaniponyoka kwa kuwa ina uzito wa kilo mia moja na hamsini na iko nyuma ya kona.

Nieleze kwa maneno yasiyopindika: gogo linakwenda wapi, na nani analinunua?

Kasiva


Baba Dogo
19 Septemba 1999

Dada Kasiva,

Nimemwomba Perez radhi. Alinisamehe, akasema, "Lakini mjomba, nyinyi watu wa mbao mna maneno." Kwa hili ana haki.

Nitakujibu kwa maneno uliyotaka. Gogo linakwenda Wamunyu, nyumbani kwa babu, kwenye ghala alimokuwa akilala Baba utotoni. Hakuna anayelinunua. Zedekiah anabeba kwa sababu tuliimba naye kwaya moja.

Kiwanja hiki si chetu tena. Aliyemuuzia Baba hakuwa na haki ya kuuza, na mwenyewe ametokea akiwa na hati. Kesi tumeshindwa tangu Mei. Tumepewa hadi tarehe thelathini ya mwezi huu. Mwaka 1996 uliniandikia niende kuthibitisha usajili, nikakujibu kwamba nimekwenda na kila kitu ni sawa. Sikuthibitisha chochote. Niliona foleni nikarudi nyumbani, kisha nikaona haya, kisha miaka ikapita. Ndiyo sababu nilikuandikia mipera. Ningetaja chuma, ungekumbuka jiliwa. Ningetaja gogo, ungeuliza kwa nini linahama.

Nimehesabu kila njia. Pande tatu za uani ni nyumba za watu. Njia ni ujia peke yake, na gogo haligeuki konani mpaka mguu mmoja wa mnara uondoke. Tangi nimeshalishusha. Hekso haiingii kati ya reli na ukuta. Fundi wa kukata chuma kwa gesi alikuja, akatazama kuta za mbao kulia na kushoto, akasema yeye hataki kuchoma watoto wa watu. Nyundo nimepiga hadi saruji ikapasuka upande wa Mama Shirleen, reli haikutikisika. Jana nilitia moja ya bapa zako. Nilihesabu hadi ishirini, meno yakamwagika kama mchele.

Mwenye kiwanja nilimwomba wiki mbili zaidi. Akaniambia kwa adabu kabisa, "Mzee, nimekuvumilia tangu Mei, na mawe yangu ya kujengea yako barabarani." Tarehe mosi Oktoba anabomoa kila kitakachobaki.

Zile bapa, dada. Ziweke kwenye bahasha nene.

Mumo


Leeds
27 Septemba 1999

Mumo,

Barua yako imenifikia asubuhi hii. Bapa tano nimezituma kwa posta ya haraka kabla sijavua koti. Karani amesema siku nne hadi sita. Nilimwomba aseme tatu.

Mwonyeshe mwenye kiwanja barua hii. Mwambie kosa ni langu. Mwombe siku saba tu.

Kasiva


Wamunyu
2 Oktoba 1999

Dada Kasiva,

Barua hii anakuletea Perez mwenyewe, pamoja na mzigo mmoja. Usifungue mzigo kabla hujasoma.

Bapa hazikufika. Tarehe thelathini saa tatu asubuhi vijana wa mwenye kiwanja walikuwa wameketi juu ya mawe, wanakunywa chai, wananitazama. Nilipima kona kwa kamba. Kipande kilichoweza kugeuka hakizidi mita moja na arobaini. Kwa hiyo gogo lilikuwa likatwe, na swali lililobaki lilikuwa ni wapi.

Watu watatu wa Baba wanaishia kwenye mita moja na kumi. Mtu wako wa nne anatoka hapo hadi mita moja na arobaini na tano, na baada yake ni mti mtupu. Nikikata mbele yake, kipande cha nyuma kinakuwa kirefu mno. Nikikata nyuma yake, kinachozidi ni cha mbele. Mkato mmoja wa kutoa pande zote mbili ungepita tumboni mwake.

Zedekiah akasema, "Kata katikati, ni mti tu." Mwelu akamwambia, "Wewe kata mbuzi." Nilikaa chini. Mama Shirleen alitoka akasimama mlangoni na kitambaa mdomoni, kisha akasema mbele ya watu wote, "Mumo, ni mimi nilimwandikia dada yako." Nikamwambia, "Najua. Ni nani mwingine anayepepeta mchele siku nzima?" Akalia. Akaenda kumletea Zedekiah chai kwa sababu hakujua afanye nini kingine.

Niliamua kukata mara mbili, ili nisimkate mtu. Mkato wa kwanza, ule wa nyuma yake, ulikuwa mtini mtupu, na msumeno wako uliufanya. Mpingo si mwaloni wa dukani, dada. Bapa tatu ziliishia humo, na betri zote mbili. Kilichosalia ni ubapa mmoja na hamu ya stima, na stima ilikuwa imekatwa mtaa mzima.

Mkato wa pili niliufanya kwa msumeno wa Baba wa mkono, Mwelu ameshika upande mmoja na mimi mwingine. Ulituchukua hadi saa tisa. Hapo ndipo penye jambo ninalotaka ulisikie kutoka kwangu. Unajua jinsi walivyoshikana: kila mmoja ameweka mkono kwenye bega la aliye mbele yake. Mkono wa mtu wako uko begani kwa mtu wa mwisho wa Baba, na Baba hakuacha nafasi ya unywele kati ya vidole na bega. Pa kupita palikuwa pawili: kifundo cha mkono, au bega. Vijana wale walikuwa wamesimama sasa. Mmoja akaniuliza, "Mzee, mbona msumeno umesimama?"

Nilikata bega. Mkono wako uko mzima, vidole vyote vitano, na umeshika kipande cha bega la Baba. Mtu wake aliyebaki huku ana mkato ulionyooka mahali palipokuwa na nyama ya bega.

Tulipita konani saa kumi. Kabla ya jioni uani kulikuwa na mawe.

Vipande viwili virefu viko ghalani, vimefunikwa, ncha nimezipaka nta. Mtu wako ni wa sentimita thelathini na tano tu, ameingia kwenye begi la Perez. Sikuthubutu kumweka huku pamoja nami, baada ya mambo niliyokuandikia mwaka huu.

Ndugu yako,
Mumo


Leeds
7 Oktoba 1999

Ndugu yangu Mumo,

Perez alinikabidhi mzigo kituoni. Alisema, "Aunti, safari hii tafadhali uhesabu mbele yangu." Nilimwomba radhi, na sikujua radhi hiyo ingekuwa ngumu kutamka hivyo, tulikuwa tumesimama katikati ya njia na watu wakitukwepa na mikoba.

Nimeutazama mzigo kwa macho ya kazini, kwa kuwa sikuweza kuutazama kwa mengine. Uso wa nyuma ni mkato wa msumeno wangu: mikwaruzo mirefu, mtu akiwa ameubana vizuri kama nilivyoagiza. Uso wa mbele ni wa msumeno wa mkono. Umenyooka kwa muda mrefu; kisha, sentimita nne kabla ya vidole, mstari umepinda kidogo kuelekea begani. Hapo mlisimama, mkashauriana. Ningepewa kipande hiki bila barua ningesema kwamba aliyekata hakuwa na haraka na hakuwa akiuza.

Nilikuwa na mashaka yaliyopangika vizuri, Mumo. Hekso, tarehe, makaa, pikapu: kila kimoja kilikuwa kweli, na nilivijumlisha nikapata mwizi. Sikukuuliza mara moja tu kwa jina lako, "Mumo, kuna nini?" Nilikuuliza unene kwa sentimita. Nawe ulinificha nyumba yetu nyuma ya mpera. Sijui ni yupi kati yetu aliyeshika msumeno kwanza, na nimechoka kupima.

Nimeomba likizo ya miezi mitatu kuanzia Desemba. Nitafikia Wamunyu moja kwa moja; usinisubiri Nairobi. Mtu wa nne nitarudi naye, ameshika alichoshika. Nusu isiyochongwa tutaichonga wote wawili, maana peke yangu sitaimaliza, na Mwelu akitaka patasi apewe patasi.

Bapa tano zitakapokuja, mpe Zedekiah. Mtu wa mabanda ya mbuzi hakosi chuma cha kukata.

Na yule mtu wa Baba aliyebaki kwako, pale begani usimpige msasa. Paache hivyo hivyo, nije nipaguse.

Dada yako,
Kasiva